Maji Yakitoka Yasirudi



Sisi tuandikao haya ni wakazamwana wawili wa nyumba moja, huko Kisauni. Tumeolewa na ndugu wawili, na tunaishi pamoja na mama yao, ambaye kwetu ni mama pia. Tumekubaliana kuandika kwa kalamu moja kwa kuwa kosa tulilolifanya tulilifanya pamoja, na kwa kuwa twaamini kwamba nyumba nyingi zinaweza kulifanya bila ya kujua, kama tulivyolifanya sisi.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, jua limeanza kushuka, na adhana ya Magharibi imekaribia. Mama alitoka uani kutawadha kama ilivyo ada yake, kwenye mfereji ulio kando ya mlango wa jikoni. Akaosha viganja, akasukutua, akapandisha maji puani. Kisha akanyamaza, mkono wake ungali umekinga maji. "Wanangu," akaita, "maji haya yanuka zizi."

Tulicheka kidogo, Mwenyezi Mungu atusamehe. Mama amepindukia miaka 70, na mara nyingine husikia harufu ambazo sisi hatuzisikii. Lakini yeye hakucheka. Alitutaka tulete bakuli jeupe. Tukalijaza, tukalipeleka penye mwanga. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili, na chini ya bakuli zilituama chembe ndogo nyeusi. Hapo harufu ile tukaijua mara moja. Ilikuwa ni harufu ya pipa letu.

Nyuma ya nyumba tuna bustani, si kubwa. Ina mchicha, bamia, bilingani, pilipili, mrehani na mwasumini, na mpapai mmoja unaozaa kuliko umri wake. Maji ya mji wetu, kama mjuavyo, yatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Yale ya Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 ndani ya bomba kabla ya kufika Mombasa. Hayatoshi, na kwa hivyo huja kwa zamu. Kwetu huja siku mbili au tatu kwa wiki, mara nyingi usiku, na hukatika bila ya kuaga. Kwa kuchelea kuyapoteza, waume zetu walinunua mabomba membamba meusi yenye vitundu, yale yadondoshayo maji tone kwa tone penye shina la mmea, wakayaunga na bomba la nyumba. Penye maungio wakaweka mfereji wa pili, wa kufungia mpira. Mchicha ukanawiri, nasi tukajiona tumepata akili.

Kando ya mfereji huo wa pili liko pipa la plastiki ambamo huroweka samadi ya mbuzi kwa muda wa wiki moja, kisha tukaichuja na kuimwagia mimea. Pipa likipungua, hulijaza kwa mpira. Na ili maji yasiruke na kutuchafulia nguo, tulikuwa na mazoea ya kuuzamisha mdomo wa mpira hadi chini kabisa ya pipa, tukafungua mfereji, tukaenda zetu kupika. Alhamisi ile tulifanya hivyohivyo. Maji ya mtaa yakakatika tukiwa jikoni, na hakuna aliyekumbuka kuufunga mfereji wala kuutoa mpira. Tuliporudi, pipa tuliloliacha likijaa lilikuwa limepungua kadiri ya shubiri moja. Tulidhani limetoboka.

Mama hakuswali kwa udhu ule. Alitawadha upya kwa maji ya mtungi tuliokuwa tumeuweka akiba, nasi tukafanya vivyo hivyo, na usiku huo hatukupika kwa maji ya mfereji.

Fundi wa bomba alikuja kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, kanzu ingali mwilini. Ni mzee wa makamo, mpole, na hakuanza kwa kushika spana. Aliuliza swali moja tu: "Mpira wenu mliuacha wapi?" Tulipomwonyesha, alitikisa kichwa, akamwita mtoto wetu aliyekuwa akinywa dafu barazani.

"Mwanangu, maji ya dafu yako chini. Ni nani ayasukumaye mpaka yakapanda kwenye mrija?"

"Ninayafyonza mimi," mtoto akajibu.

"Basi," akatugeukia, "bomba la mtaa likiwa tupu nalo hufyonza."

Akatueleza. Sisi tumezoea kudhani kwamba bomba ni njia yenye upande mmoja, maji yaingia nyumbani wala hayatoki. Sivyo. Bomba halijui mbele wala nyuma. Maji huenda palipo na nguvu ndogo, basi. Maji ya mtaa yanapokuja kwa nguvu, huyasukuma ya kwetu hadi kwenye mfereji. Yanapokatika, au bomba kubwa linapopasuka huko barabarani, au nyumba za bondeni zinapofungua mifereji yao kwa pamoja, maji yaliyosalia katika bomba huteremka chini na kuacha utupu nyuma yake. Utupu huo huvuta chochote kilicho karibu. Ukikuta hewa, huvuta hewa, na hakuna madhara. Ukikuta mdomo wa mpira uliozama ndani ya pipa la samadi, huvuta samadi. Na ukishaanza kuvuta hauhitaji msaada, maadamu pipa liko juu na mahali pa kutokea pako chini.

Hapo mmoja wetu akauliza swali ambalo sote wawili tulikuwa tukilikwepa. "Fundi, maji yaliyotoka katika pipa letu yalikwenda wapi?"

Hakujibu upesi. Alitembea hadi ukutani, akatazama chini. Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara. Chini yetu pana nyumba ya jirani yetu, mama mjane mwenye watoto watatu, na bomba lake na letu yatokana na tawi moja. "Machache yalibaki katika bomba lenu, ndiyo mliyoyaona bakulini," akasema. "Mengine yalishuka. Kama jana jioni alifungua mfereji wake, basi alifunguliwa na yenu."

Mpwa wetu, ambaye asomea uhandisi wa maji, alikuwapo siku hiyo, na alitusimulia kisa kimoja mashuhuri katika vitabu vyao. Mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross, mjini Worcester nchini Marekani, karibu timu nzima ya mpira wa Kimarekani ilipatwa na ugonjwa wa ini kwa wakati mmoja. Walikuwa wamekwisha cheza mechi mbili tu, na zilizosalia za msimu huo zikafutwa. Wachunguzi walitafuta katika chakula, hawakuona kitu. Mwisho waliufuata mfereji waliokuwa wakinywea wachezaji, nao bomba lake lilipitia mifereji ya kumwagilia nyasi iliyofukiwa ardhini kando ya uwanja. Hapo walikuwa wakicheza watoto wa jirani ambao miongoni mwao mlikuwa na wagonjwa wa ini, na maji machafu yalituama katika vishimo vya mifereji hiyo. Siku moja nyumba iliungua karibu na hapo. Wazima moto walivuta maji mengi, nguvu ya bomba ikaanguka, na uchafu wa vishimoni ukafyonzwa kuingia katika maji ya kunywa. Hapakuwa na mtu aliyetia sumu. Palikuwa na bustani iliyoungwa na bomba la kunywea bila ya kizuizi chochote.

Usiku ule wa Ijumaa tulikaa barazani tukishauriana. Tutasema ukweli: si sote tuliotaka kwenda kwa jirani. Mmoja wetu aliona kwamba huenda hakufungua mfereji wake kabisa, na kwenda kumwambia ni kumtia hofu bure, na tena ni kujifedhehesha. Mwingine alisema tungoje siku mbili, tuone. Mama alikuwa akivuta uradi wake, na tulidhani hatusikii. Akaiweka tasbihi mapajani.

"Lau mngalimwaga samadi mlangoni pake," akasema, "mngalikwenda kufagia kabla hajaamka. Hii mmeimwaga ndani ya mtungi wake. Inukeni."

Tukainuka. Ni hatua thelathini tu kutoka mlango wetu hadi wake, nasi tulizihesabu. Tulimkuta amempakata mtoto wake mdogo. Tulipomweleza, hakupaza sauti. Alisema kwamba Alhamisi jioni maji yalitoka kidogo, mekundu, akadhani ni kutu ya bomba kama ilivyo kila mara maji yanapokatika. Akayakinga katika ndoo, akayaacha yatue, akaogeshea watoto. Kisha akasema kwamba mtoto aliye mikononi mwake aharisha tangu asubuhi, na yeye alikuwa akiwalaumu samaki wa mchana.

Hatukuwa na la kujibu. Tulimchukua mtoto pamoja naye hadi kituo cha afya, akapewa chumvi za kuchanganya na maji na vidonge vya zinki, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu siku ya tatu alikuwa akikimbia uani. Daktari hakusema kwamba ni maji yetu, wala hakusema kwamba si maji yetu. Mpaka leo hatujui, na pengine ni kheri tusijue, ili tusijipe nafuu ambayo hatukuistahiki. Tulimwaga maji ya tangi lake, tukalisugua, tukanunua mitungi ya mkokoteni kwa nyumba mbili mpaka kazi ilipokwisha.

Mama naye alikuwa na lake la kuuliza. Alitaka kujua hukumu ya swala zetu za siku hiyo. Tulimwuliza ustadhi wa madrasa ya mtaa, akatukumbusha tuliyoyasoma chuoni tungali wadogo: kwamba maji yakibadilishwa na najisi, ikiwa ni rangi yake, au ladha yake, au harufu yake, hayafai tena kwa tahara, yawe mengi au machache, na kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji yaliyo chini ya kula mbili, ambazo hukadiriwa kuwa takriban lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu hata kama hayakubadilika. Mengine yahusuyo swala zetu alitueleza kwa faragha, na kila mwenye kufikwa na jambo kama hili na amwulize mwanachuoni wake. Lakini aliongeza neno moja ambalo twapenda liwafikie wote. Alisema kwamba ndani ya bomba lenye unene wa kidole gumba mna maji machache sana kuliko kula mbili. Nasi twaongeza letu: pua ya Mama ilituokoa kwa kuwa samadi ina harufu. Dawa ya kuulia wadudu iliyochanganywa na maji mengi huenda isinuke. Vijidudu vya kuharisha havina rangi. Asiyeona wala kunusa kitu, asiseme kwa hilo tu kwamba maji yake ni salama.

Tulipokuwa tukimwandalia fundi chai, Mama alianza kusimulia juu ya nyumba aliyozaliwa, kule Lamu. Chooni mwao mlikuwa na birika la chokaa, na ndani yake mlifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ukutani ilitundikwa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu. Mtoto aliyetumbukiza mkono birikani alipigwa kofi. Maji yalitekwa kwa kata, yakainuliwa, yakamiminwa mwilini mbali na birika, na yaliyomiminika yakaenda na njia yake. Hata tone halikuruhusiwa kurudi. "Sisi hatukuwa na mabomba," akasema, "lakini twalijua moja: maji yakitoka yasirudi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Bi Mkubwa," akasema, "umenimalizia kazi. Kilichokuwa baina ya kata na mwili ni hewa. Na kinga iliyo bora kuliko zote, mpaka leo, ni hewa."

Kwa hivyo kinga ya kwanza aliyotuwekea haikutugharimu hata senti. Alipigilia mti kando ya pipa, akaufunga mpira juu yake, ili mdomo wake ubaki juu ya ukingo wa pipa na maji yaanguke kwa kupitia hewani. Kanuni ni kwamba pengo hilo liwe angalau mara mbili ya upana wa mdomo wa bomba, wala lisipungue sentimita 2.5. Pipa likijaa pomoni, maji yatafurika chini, hayatagusa mpira. Hakuna utupu unaoweza kuvuta samadi kupitia pengo hilo. Kanuni hiyohiyo yafaa kwa ndoo ya kufulia, beseni la kuogeshea mtoto, na tangi la maji: mdomo wa kuingizia maji ukae juu, usizame.

Lakini mpira huchukuliwa na watoto, huangushwa, huachwa ndani ya dimbwi. Kwa hivyo kinga ya pili ni kifaa kidogo cha shaba kinachokazwa mdomoni mwa mfereji, kisha mpira ukafungwa kwake. Ndani yake mna kifuniko chepesi. Maji yanapokuja, husukumwa na kuziba vitundu vya pembeni. Maji yanapokatika, vitundu hufunguka, hewa huingia, na mvuto wote huishia hapo. Chahitaji jambo moja: kisiachwe siku nzima kikibeba nguvu ya maji huku mwisho wa mpira umefungwa. Mfereji ufungwe kila mmalizapo kumwagilia.

Kinga ya tatu ni ya yale mabomba meusi ya matone. Wengi wetu tungalidhani kwamba mabomba haya hayana hatari kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo, lakini vitundu hivyo hulala juu ya udongo wenye samadi, na kila mvua inyeshapo huzama. Kwenye bomba lipelekalo maji bustanini fundi aliweka vali yenye kazi mbili: kuyazuia maji yasirudi, na kuingiza hewa pale nguvu ya bomba iangukapo. Sisi twaiita vali ya pumzi. Hii haifukiwi. Husimama juu ya bomba lililoinuliwa, angalau sentimita 30 juu ya kitundu kilicho juu kuliko vyote bustanini. Bustani ikiwa na tuta refu au vyungu vya maua ukutani, kipimo huanzia hapo, si chini. Na ipewe nafasi, isifunikwe, kwani iliyofunikwa haivuti pumzi.

Tulimwuliza kwa nini asituwekee tu ile vali ya njia moja, ambayo kila duka la vifaa huiuza na ambayo watu huiweka penye pampu. Alitufungulia moja iliyotumika. Penye kikalio cha kifuniko chake palikuwa na punje ya mchanga, ndogo kuliko punje ya uwatu. Punje ile ilitosha kuacha mwanya. Maji yetu hurudi na mchanga na kutu kila baada ya kukatika, na chokaa na chumvi hukwama humo. Vali ya njia moja yafaa kuisaidia pampu, lakini peke yake haiaminiki kuwa mlinzi baina ya najisi na maji ya kunywa. Mwenye kuiweka na ahakikishe mshale uliochorwa ubavuni mwake waelekea kule maji yaendako, na atangulize chujio mbele yake.

Kuna kinga iliyo juu zaidi, yenye vali mbili na chumba baina yake ambacho humwaga maji nje iwapo yoyote itashindwa. Hiyo ndiyo inayotakiwa kwa wale watiao mbolea au dawa ndani ya bomba la kumwagilia ili isambae yenyewe, na kwa pale ambapo pampu au tangi lililoinuka laweza kuyasukuma maji ya bustani yarudi nyuma. Kwani vali ya pumzi huzuia kufyonzwa, haizuii kusukumwa. Ni ghali, na yahitaji kupimwa na mjuzi kila mwaka. Sisi tuliamua kuchagua njia nyepesi: samadi haitaingia katika bomba kamwe. Humwagwa kwa mkono, kwa kopo, penye shina.

Fedha zilizotumika ni zile tulizokuwa tumeziweka kwa mapazia ya Idi. Mapazia ya zamani tuliyafua.

Kabla hajaondoka, fundi alitufundisha namna ya kujijaribia wenyewe. Alitia maji safi katika ndoo safi, akaomba manjano ya jikoni, akakoroga mpaka maji yakawa ya rangi ya pilau ya sherehe. Kifaa cha mfereji alikuwa bado hajakikaza. Akajaza mpira maji, akauzamisha ndooni, akafunga koki kubwa ya kuingilia maji ya mtaa, kisha akafungua mfereji wa jikoni ulio chini zaidi. Tulitazama. Maji ya ndoo yalianza kushuka kimyakimya, na punde sinki la jikoni likawa la manjano. Watoto walipiga makofi. Sisi hatukupiga. Tulikuwa tukiitazama Alhamisi yetu kwa macho.

Akasafisha bomba, akakikaza kifaa, akarudia. Mara hii tulisikia mlio mdogo, kama mtu avutaye pumzi kwa meno, na maji ya ndoo hayakushuka.

Neno la mwisho ni kwa wenye visima. Nyumba nyingi za pwani zina kisima cha maji ya chumvi uani na bomba la mtaa mbele, na kwa urahisi wa kazi mabomba mawili huungwa pamoja, yakitenganishwa na koki moja. Visima vyetu vya mjini ni majirani wa vyoo vya shimo, na maji yake hatuyanywi. Koki hiyo moja ikisahauliwa, au ikilika, pampu ya kisima itayasukuma maji hayo kwenye bomba la mtaa na kwa kila aliye chini yenu. Mabomba hayo mawili yasikutane kabisa. Kisima kiwe na bomba lake, bustani na choo vitumie hilo, na kila mtu nyumbani ajue lipi ni lipi. Tumefundishwa tangu utotoni kutodhuru na kutodhuriana, na tumekatazwa kuchafua maji yaliyotuama ambayo mwingine atayahitaji. Maji ya bomba yatembea, lakini yana watu mbele yake kama yalivyo na watu nyuma yake.

Sasa kila mwezi mwandamo tunafanya jaribio la manjano. Jirani yetu aliomba fundi amwekee naye kifaa cha mfereji, na siku ya jaribio huja kwetu na ndoo yake. Yule mtoto wake mdogo ndiye mshika ndoo. Huinama mpaka pua yake ikakaribia maji, akangoja mlio, na akiusikia hupaza sauti kwa wote: "Imepumua!" Ndipo Mama huvuta kibao chake hadi kwenye mfereji wa uani, akakinga kiganja, akayanusa maji kwanza, kisha akatia nia.

Wabillahi tawfiq.